Vijiti Kumi na Vitatu

Saa mbili kasorobo nafungua chumba cha tatu,
nawasha taa, nawaamkia: hamjambo, mama zangu.
Wako watano. Majina yao yako nyuma ya turubai, kwa penseli.
Mwaka wa mia moja na arobaini huu,
na kazi bado hawajaimaliza.

Dari ni fupi. Dirisha moja, na nyuma yake theluji
rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.
Mezani mshumaa, na mbele ya mshumaa chupa ya duara
iliyojaa maji, inaumega mwanga na kuugawa,
kipande kwa Polona, kipande kwa Lenčka,
kama mkate mdogo kwa watoto wengi.
Mito imelala vikapuni, minene kama magogo,
pini zimesimama, vijiti vinaning'inia
viwiliviwili, maana lesi haifumwi kwa upweke:
uzi mmoja una ncha mbili, na kila ncha ina zamu yake.

Wageni huuliza choo kiko wapi.
Wengine husema: pazuri hapa, pametulia.
Pametulia!
Mji wetu wa Idrija ulichimba zebaki.
Chini kabisa ya sakafu ile wanaume
waliifukuza fedha inayokimbia, nayo ikawafukuza,
ikawaingia kwenye fizi, ikawaingia usingizini,
mpaka mikono ikacheza ngoma isiyopigwa.
Mume hashiki kijiko. Supu inamwagikia kifuani.
Mke yuko kando, anapitisha uzi
mwembamba kuliko unywele wa mtoto
mahali ambapo hata jicho halipiti.
Nyumba moja, mikono minne:
miwili inatetemeka,
miwili haina ruhusa ya kutetemeka.

Mchoraji alitoka Ljubljana na sanduku la rangi na kikohozi.
Aliwalipa wakae tu, siku tatu.
Barba, yule mnene, bibi wa bibi yangu,
aliicheka habari hiyo hadi kufa kwake:
siku tatu za kutofanya kitu
zilimpa unga kuliko dhiraa nne za lesi.
Lesi yenyewe ilishuka Trieste, ikapanda meli,
ikatua kwenye shingo za watu
wasiouliza nani alikodoa macho usiku kucha.

Sasa sogea. Usiguse.
Huyu wa kushoto, mwenye kitambaa cha kijivu, ni Neža.
Hesabu vijiti vyake.
Mimi nimehesabu miaka kumi na tisa: kumi na vitatu.
Profesa mmoja aliandika kwamba mchoraji alikosea;
mwanamume, anajua nini habari za vijiti.
Nikamleta mama yangu, ambaye vidole vyake
vilifuma mpaka vikagoma kunyooka.
Akasogea, akasogea tena, king'ora kikalia,
hakujali.
Akasema: Hakukosea. Uzi umekatika.
Tazama, mkono wake wa kulia uko chini ya meza, haukuchorwa.
Kijiti cha kumi na nne kimo humo.
Na tazama, wenzake wote wanaangalia mito.
Yeye anaangalia mlango.

Mlangoni palikuwa na nini, sijui.
Kengele ya mgodi? Buti zinazorudi kabla ya saa yake,
za mtu mmoja, zikitembea polepole
kama mtu aliyetumwa kusema neno?
Mama alisema ni paka.
Mama si mtu wa kukuza mambo.
Alifunga koti lake, kifungo kwa kifungo, kwa shida, akasema:
Ukisikia jambo, kwanza kidake kijiti kisianguke.
Kikianguka, na nyuzi nyingine zinalegea.
Halafu ndiyo ulie.

Jioni nazima taa, chumba cha tatu mwisho.
Gizani vijiti havihesabiki.
Nafika barabarani, theluji inaanza,
ndipo nagundua mkono wangu wa kulia
umo ndani ya mfuko wa koti,
umefumbata funguo, umezibana hasa,
sijui tangu lini.